Nani Amekifanya Kioo Hiki?

Walimu wangu, wanafunzi wa sanaa na wageni wetu, hamjambo.

Leo nataka tuzungumzie mikono. Ukiingia kwenye jumba la makumbusho ukakuta chombo cha kioo, pembeni yake kuna kibao chenye jina la msanii mmoja. Mimi naamini kibao hicho hakisemi yote, na kwamba swali la nani hasa amekifanya kile chombo ndilo lililoiendesha sanaa ya kioo kwa miaka sitini sasa.

Tuanze na kazi yenyewe. Fundi huchota kioo kilichoyeyuka tanuruni kwa ncha ya bomba refu la chuma, kikiwa na joto la nyuzi 1,100 hivi za Selsiasi. Wakati huo kinatiririka kama asali. Akiacha kulizungusha bomba kidogo tu, donge linalegea upande mmoja. Sasa mkono mmoja unazungusha, wa pili umeshika koleo. Nani apulize? Nani afungue mlango wa tanuru? Nani alete kipande cha mpini kikiwa bado moto? Na chombo kikikamilika hakiwekwi mezani, kitapasuka. Kinaingizwa kwenye tanuru la kupozea, kwenye nyuzi 500 hivi, na joto lake linashushwa polepole kwa saa nyingi.

Ndiyo maana kisiwani Murano, ambako mji wa Venice, Italia, uliamuru matanuru yake yahamishiwe mwaka 1291, kazi hii ilikuwa ya kikosi: fundi mkuu ameketi kwenye benchi, wasaidizi wamemzunguka.

Kisha akaja Harvey Littleton, mwalimu wa ufinyanzi katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani. Alitaka msanii aweze kuyeyusha na kupuliza kioo mwenyewe, katika karakana yake, bila kiwanda. Mwaka 1962 aliendesha warsha mbili kwenye banda la Makumbusho ya Sanaa ya Toledo. Mchanganyiko wa kwanza ulikataa kuyeyuka vizuri. Aliyewaokoa ni Dominick Labino, mtaalamu wa viwandani, aliyeshauri watumie gololi za kioo zilizotengenezwa kwa ajili ya kuzalisha nyuzi za kioo. Na aliyewaonyesha namna ya kupuliza ni Harvey Leafgreen, fundi mstaafu wa kiwandani. Tazameni basi: hata ndoto ya msanii kufanya kazi peke yake ilizaliwa kwa msaada wa watu wa kiwanda.

Mwanafunzi wa Littleton, Dale Chihuly, alikwenda Murano mwaka 1968, katika kiwanda cha Venini, akaona vikosi vikifanya kazi. Mwaka 1971 alishiriki kuanzisha shule ya kioo ya Pilchuck, kaskazini mwa Seattle. Mwaka 1976 alipata ajali ya gari Uingereza, akapoteza jicho la kushoto. Mwaka 1979 bega lake likateguka. Akaliacha bomba, akawa anachora michoro na kuongoza kikosi. Wapo wanaosema tangu hapo kazi si yake. Siwaungi mkono. Macho yanayochagua rangi na umbo ni sehemu ya kazi. Ninachodai ni majina ya wale wengine.

Mwaka huohuo wa 1979 ndipo alipofika Pilchuck mtu ninayemheshimu kuliko wote katika fani hii, Lino Tagliapietra, mzaliwa wa Murano, mwaka 1934. Aliingia kiwandani akiwa mtoto, akawa fundi mkuu akiwa na umri wa miaka ishirini na kidogo. Shemeji yake, Checco Ongaro, ndiye aliyetangulia kufundisha huko mwaka uliopita. Zamani Venice iliwakataza mafundi wa kioo kuhama, wasije wakatoa siri nje. Lino akazitoa hadharani, mbele ya vijana wa kigeni, na nyumbani wapo waliochukia. Lakini yeye mwenyewe alifaidika: miongoni mwa Wamarekani alipata uhuru wa kubuni kazi zake, akaacha kuwa mtekelezaji wa michoro ya wengine.

Fred Wilson, msanii Mmarekani mwenye asili ya Kiafrika, hapulizi kabisa. Katika maonyesho ya Venice ya mwaka 2003 alitundika taa kubwa ya kioo cheusi iliyotengenezwa Murano, akiuliza walikuwa wapi Waafrika katika historia ya mji ule. Wazo ni lake, pumzi ni ya mafundi.

Na sisi tuna Kitengela, jirani na Hifadhi ya Taifa ya Nairobi. Msanii aitwaye Nani Croze, mzaliwa wa Ujerumani, alianzisha pale kazi ya vioo vya rangi. Mwanawe Anselm akaongeza tanuru la kupulizia, na malighafi yao ni vioo chakavu vya madirisha. Kioo hicho huganda upesi, hivyo fundi hana nafasi ya kusitasita na wasaidizi lazima wajue hatua inayofuata kabla hawajaambiwa. Mkienda, msiishie dukani. Simameni karibu na tanuru, tazameni nani anapuliza na nani anazungusha, kisha waulizeni majina yao.

Karibuni kwa maswali.