Siku ukiliuza, nani atalinunua kwako?

Ndugu mwenyekiti, wanachama wenzangu, asanteni kwa kunikaribisha. Nimesikia mikopo ya baadhi yenu imeshapita na macho yenu yako kwenye Benz, BMW au Range Rover iliyotumika. Kabla hujauliza bei, jiulize hivi: siku nikiliuza, nani atalinunua kwangu?

Gari la kifahari likichakaa, bei yake inashuka, lakini spea zake hazishuki nalo. Baada ya miaka kumi unaweza kulipata kwa pesa ya Toyota ya kawaida, ila shokapu zake za upepo bado ni za gari la matajiri.

Hili nimelilipia mwenyewe. Niliwahi kununua gari, saluni ya Kijerumani inayobebwa na upepo badala ya springi. Barabarani ilikuwa kama imetandikiwa godoro. Asubuhi moja nikaikuta imelala upande wa mbele kushoto, tairi limemezwa na madigadi. Mfuko wa mpira ulikuwa umechanika, na kompresa imeungua kwa kuhangaika kujaza upepo unaovuja. Nilitengeneza vyote viwili. Nilipoliuza, kila mteja alianza na swali la upepo, na kila aliyeuliza alikata bei. Sifa iliyonivutia kununua ndiyo iliyowakimbiza wanunuzi wangu.

Shangingi, yaani Land Cruiser, halishuki bei haraka kwa sababu fundi wa Kahama analifungua bila hofu na spea zake zimejaa Kariakoo. Ukitaka Benz, zile C200 za bodi ya 204 (W204) zina injini ya cc 1796, chini ya cc 2000, kwa hiyo ushuru wa bidhaa ni nafuu kuliko ndugu zake wa cc 3500, na wateja ni wengi zaidi. Lakini fika asubuhi kabla muuzaji hajaiwasha, usikilize mlio wa cheni ya taimingi injini ikiwashwa baridi. Ukikuta ameshaipasha moto, rudi kesho.

Kwa gari linalotoka Japani, dai karatasi ya mnada, ile ya ukaguzi wa gari kabla halijauzwa mnadani. Wengi wanaangalia daraja tu, 4 au 4.5, wakaridhika. Mimi naanza na ule mchoro wa gari na herufi zake. A ni mkwaruzo, U ni kibonyeo, W ni mahali paliponyooshwa na kurudiwa rangi, XX ni kipande kilichobadilishwa. Gari lenye A1 na U1 (1 ni dogo) huku na huku halinitishi, hayo ni maisha ya maegesho. Nikiona XX kwenye boneti na kwenye madigadi zote mbili za mbele, najua liligonga kitu, hata kama rangi inang'aa kama kioo. Daraja likiandikwa R, lilipata ajali likatengenezwa. Linaweza kuwa gari zuri bado, mradi bei iseme hivyo, na wewe uwe tayari kumwambia ukweli atakayenunua kwako.

Jambo jingine linaniuma. Hapa kwetu tunauziana herufi za pleti. "Namba E hii!" Herufi hiyo inakuambia gari liliandikishwa lini Tanzania, haikuambii lilitengenezwa lini. Mwaka wa kutengenezwa uko kwenye kadi, na ndio ambao forodha wanautumia kuamua ushuru wa uchakavu.

Kuna gari nje, mwenyewe ameturuhusu. Dashibodi inasoma kilometa 41,000. Anzeni kwenye tairi: tafuteni tarakimu nne za mwisho baada ya neno DOT, kwa mfano 1419 ni wiki ya 14 ya mwaka 2019. Kisha vuteni mkanda wa dereva mpaka mwisho, msome tarehe kwenye lebo yake. Shikeni ngozi ya usukani, tazameni raba ya pedali ya breki. Mkimaliza mniambie kama mnaziamini zile 41,000, ndipo nitawaonyesha kadi.