Ninapika Bibi Yangu: mazungumzo na walimu wanaojiandaa kufundisha Kiswahili ng'ambo, Iringa

Kamwene! Naona mmejikunja ndani ya makoti. Subirini Januari ya Marekani kaskazini, baridi hii ya Iringa mtaiona kiangazi.

Nimeombwa niseme kuhusu nidhamu ya wanafunzi ng'ambo. Walionisikia zamani wanajua nitaanzia wapi, wavumilie tu.

Tangu SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, ikifanye Kiswahili mojawapo ya lugha zake rasmi mwaka 2019, kila mtu ana begi mlangoni. Vizuri. Ila mnapakia na shikamoo, na kule Marekani hakuna wa kuipokea. Mwanafunzi atakuita jina lako la kwanza, atakunywa kahawa wewe uko ubaoni, atainuka na kutoka bila kuomba ruhusa. Hiyo si dharau. Msigune! Hata maprofesa wao wenye mvi wanafanyiwa hivyo hivyo.

Dharau yenyewe niliipata muhula wa kwanza. Kijana mmoja wa safu ya nyuma, kila nikisema neno la Kiingereza analirudia kwa lafudhi yangu. Mnajua sisi wa huku, r na l zinalala kitanda kimoja. Wenzake wanaziba midomo. Wiki ya tatu nikachoka: "Toka nje!" Sauti ile ya paredi ya asubuhi. Akatoka, nami nikajiona mwalimu kweli kweli.

Kesho yake mkuu wa idara akaniita, ana barua pepe ya yule kijana. Hakunigombeza. Aliuliza tu: muhtasari wako wa kozi unasema nini kuhusu mwenendo darasani? Haukusema kitu. Ulikuwa na tarehe za majaribio na jedwali la ngeli.

Nikamwita kijana ofisini, mlango wazi. Nikamtajia siku na maneno aliyosema, "huna adabu" sikuitamka. Akanyamaza, kisha akasema: wewe ndiye uliyenicheka kwanza.

Nikakumbuka. Wiki ya pili aliandika, "Jumapili ninapika bibi yangu." Nami, kama tulivyozoea, nikaisoma kwa sauti, nikamuuliza: bibi alihitaji chumvi? Darasa likavunjika mbavu. Mimi nilidhani nafundisha kauli ya kutendea.

Mama pale mbele anatikisa kichwa: kwa hiyo mkosaji ni mwalimu? Sikusema hivyo. Kumwigiza mtu anavyoongea ni utovu wa adabu kule na hapa, nilimwambia na nikamwandikia. Ila la bibi nilimwomba radhi. Yeye akaniomba ya nusunusu, "samahani kama ulikasirika," nikaipokea na unusu wake. Mtihani wa mwisho akaandika: "Ninampikia bibi yangu." Na kwenye mabano: "Bado yuko hai."

Wanaonong'ona habari ya fimbo, hata hapa kwetu kanuni za 2002 zinamwachia mkuu wa shule au aliyemteua kwa maandishi, visizidi viboko vinne. Kule msiote kabisa. Kumwita mzazi? Wana sheria ya mwaka 1974: huyo wa chuo, alama zake humwonyeshi baba yake hivi hivi bila ridhaa yake.

La wanaogomea alama naliacha, mwenyekiti ananikazia macho na chai ya Mufindi inapoa. Maswali. Anayetaka kuanza na "je, akinitukana?" akae, nimeshajibu.