Tazama Tamvua la Samaki wa Baharini Linavyotoa Chumvi na Asidi

Haya, karibuni tena. Leo ni zamu ya tamvua, kiungo ninachokipenda kuliko hata moyo, mtanisamehe. Tafuta samaki mbichi wa baharini mwenye mifupa; papa ana mambo yake, tumwache. Inua kifuniko cha shavu, kata tao moja (upinde unaobeba nyuzi nyekundu za tamvua) juu na chini, litoe. Kila upande yapo manne, basi ukichana la kwanza usilie.

Sasa simama hapo hapo. USIOSHE KWA MAJI YA BOMBA! Koroga gramu 9 za chumvi kwenye lita moja ya maji, tumia hayo tu. Ya bomba yatavimbisha seli mpaka zipasuke. Ya bahari nayo, yenye kama gramu 35 kwa lita, yatazinyausha, kwa sababu damu ya samaki huyu ina ukali wa karibu theluthi moja tu ya bahari. Ndiyo shida yake ya kila siku: bahari inamnyonya maji. Anafidia kwa kuinywa, halafu chumvi aliyoimeza lazima itoke. Figo haziwezi kutengeneza mkojo mkali kuliko damu. Zinahangaika na magnesiamu na salfeti. Sodiamu na kloridi, yaani chumvi ya kawaida yenyewe, zinatokea hapa kwenye tamvua.

Kata nyuzi mbili tatu, weka kwenye kioo cha hadubini, dondoshea tone la yale maji ya chumvi, funika... Aa, kiputo! Tena katikati kabisa. Inua kifuniko, kishushe kwa mshazari, taratibu... taratibu... haya.

Mnaona vibamba vimejipanga kando ya uzi kama meno ya kitana? Hivyo ni vya kupumulia. Seli za chumvi zimekaa zaidi kwenye uzi wenyewe, mashinani mwa vibamba. Bila rangi maalumu hamtazitambua, msisumbuke kuzungusha lenzi. Nachora.

Seli hii ya chumvi imejaa mitokondria, vile vinu vya nishati vya seli, maana kazi yake inakula nishati. Upande wa damu, pampu inatoa sodiamu 3 na kuingiza potasiamu 2. Sodiamu inapopungua ndani, nyingine inaingia kwa kasi kutoka kwenye damu ikiburuta potasiamu 1 na kloridi 2. Kloridi inatokea baharini kwa mfereji wake. Na sodiamu? Hapa ndipo michoro mingi inapokosea. Haitokei baharini kwa kupitia ndani ya seli! Inasukumwa na umeme, inapenya KATI ya seli na jirani yake. Kati, jamani.

Tone linakauka, ongezeni pembeni. Lile la gramu 9, si la bomba!

Tuje kwenye asidi. Sisi damu ikizidi asidi tunapumua haraka, tunaitoa hewa ya ukaa, maana ndiyo inayotengeneza asidi kwenye damu. Samaki hila hiyo haimfai sana: anapitisha maji mengi mno kutafuta oksijeni, hivyo hewa ya ukaa kwenye damu yake tayari ni kidogo. Tamvua linatoa ayoni za haidrojeni (chembe zenye chaji, ndizo asidi yenyewe) na kupokea sodiamu. Ndiyo, ileile tuliyokuwa tunaitoa! Nje imejaa tele, inaingia yenyewe, na pampu itaisukuma tena.

Hewa ya ukaa ikizidi majini, samaki analimbikiza bikabonati, kemikali inayozima asidi, kwenye damu, kloridi inashuka, na asidi inarudi karibu na kiwango chake. Kwenye mchoro wenu basi: mshale wa haidrojeni unatoka, wa sodiamu unaingia. Msiigeuze.