Fuso Imenyamaza, Mtaa Umelala

KIDAWA: Tuko hewani. Shem, salamu baadaye. Kwanza waambie watu kwa nini mdogo wangu, yaani mkeo, amenipigia simu Jumanne usiku, analalamika huku anacheka.

SELE: Sasa mimi nitajuaje alichokwambia? Nilichofanya ni kubadilisha ekzosi. Bomba lote la moshi, kuanzia kwenye tabo, ile inayoisukumia injini hewa, mpaka mkiani. Flexi mpya, kile kipande cha bomba kinachonesa, sailensa mpya, gasketi zote za kuziba maungio mpya. Fuso sasa inaunguruma kistaarabu.

KIDAWA: Ehe?

SELE: Nimetoka Makambako na viazi, nimeshusha, nafika zangu Chamazi saa saba usiku. Zamani nikiwa bado Rangi Tatu huko, Mama Nasra ameshabandika maji ya ugali. Nikifika, geti liko wazi. Safari hii kimya. Nimekaa kwenye kabini nasubiri kufunguliwa, nyumba nimejenga mwenyewe.

KIDAWA: (anacheka) Si ungepiga honi?

SELE: Honi ya Fuso saa saba usiku? Majirani si watanitoa roho!

KIDAWA: Majirani haohao waliovumilia ile ekzosi miaka yote?

SELE: Ile walishaizoea. Tena walikuwa wanaitegemea! Mimi huwa naondoka saa kumi alfajiri. Yule mama wa chapati pale kona, kumbe Fuso yangu ndiyo saa yake. Jumatano kalala mpaka jua limetoka. Vijana wa bodaboda wamekosa chai, lawama zote kwangu.

KIDAWA: Haya, tuwape watu faida. Nimeandika mambo saba hapa kwenye karatasi. La kwanza: kelele ilikuwa inatokea wapi?

SELE: Sehemu mbili. Pale manifoldi, bomba linalokusanya moshi, inapokutana na kichwa cha injini, na kwenye flenji, ule mdomo bapa wa kufungia boliti, chini ya tabo. Asubuhi ikiwa baridi, tik-tik-tik. Ikipata moto, inapungua.

KIDAWA: Hapo ndipo madereva wengi wanapodanganyika. Chuma kikipata moto kinatanuka, ule mwanya unajibana kidogo, unasema imepona. Haijapona. Tazama kwenye maungio, ukiona masizi meusi yametapakaa kwa nje, moshi unapita hapo. Ukitaka uhakika, washa injini ikiwa baridi kabisa, mtu azibe mkia wa ekzosi kwa tambara nene sekunde chache, wewe nyunyiza maji ya sabuni kwenye kila kiungio. Penye mapovu ndipo penye kazi.

SELE: Tambara lisiwe khanga ya mkeo.

KIDAWA: Ulifanya hivyo?

SELE: Tuendelee.

KIDAWA: (anacheka) Sasa, watu wanadhani moshi ukivuja hasara ni kelele tu. Kama unavuja kabla ya tabo, tabo inazungushwa na nini? Ni huohuo moshi. Ukitorokea njiani, tabo inasukuma hewa pungufu, mafuta hayaungui vizuri, unatoa moshi mweusi na mlima haupandi.

SELE: Mlima Kitonga, wakati wa kupanda, nilikuwa napitwa na watu niliowapita Mikumi.

KIDAWA: Na wakati wa kushuka?

SELE: Hapo ndipo niliposhtuka. Nashuka na viazi, navuta ekzosi breki, gari haishikiki kama zamani. Nabaki nakanyaga breki za miguu.

KIDAWA: Wasikilizaji, hiyo isikilizeni vizuri. Ekzosi breki ni kifuniko ndani ya bomba. Kikijifunga, moshi unakosa pa kutokea, pistoni zinafanya kazi ya kuusukuma, gari linapungua mwendo. Kama kuna mwanya kati ya injini na kile kifuniko, presha inavujia hapo. Breki za miguu zinabeba mzigo peke yake, zinapata moto, zinaisha nguvu. Kitonga hapo chini ni korongo. Kwa hiyo mtu akikwambia uvujaji ni kelele tu...

SELE: Lakini ile kelele ilikuwa inafungua geti.

KIDAWA: Sele!

SELE: Nasema ukweli. Kuna kijana wa bodaboda amenipa wazo zuri tu: nilegeze boliti za flenji chini ya tabo nikifika Rangi Tatu, Fuso iimbe mpaka nyumbani, asubuhi nakaza naondoka.

KIDAWA: Mpe simu nimsikie huyo kijana. Utingo wako analala wapi mkiwa safarini?

SELE: Nyuma ya kiti.

KIDAWA: Juu ya injini. Moshi ukivuja pale chini unapanda kwenye kabini. Ndani yake kuna monoksidi ya kaboni, haina rangi wala harufu, mtu anapitiwa na usingizi haamki. Na moshi wa dizeli wenyewe Shirika la Afya Duniani, kupitia taasisi yake ya saratani, tangu mwaka 2012 limeuweka kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa hakika. Eti ulegeze ili upate ugali!

SELE: Ugali na dagaa, si ugali mkavu.

KIDAWA: La pili. Uliungaje?

SELE: Kwenye tabo nimeweka gasketi mpya na boliti. Huko nyuma, kuanzia flexi, nimechomelea. Yote. Hakuna kiungio, hakuna kuvuja.

KIDAWA: Hapo ndipo tunapogombana.

SELE: Gombana.

KIDAWA: Injini inacheza kwenye mipira yake, chesisi inajipinda barabara mbovu, bomba linatanuka na kusinyaa kila siku. Umechomelea kila kitu, nyufa zitaanza pembeni ya ueledi, pale ulipochomelea, maana pale chuma kimeshachoka. Na siku ya kushusha giaboksi? Ukate bomba kwa grainda! Weka klempu pana, kile kibanio bapa kinachozunguka bomba lote. Bomba la mbele liingie ndani ya la nyuma, inchi mbili, ili moshi usigonge mdomo wa kiungio. Tundika kwanza kila kitu kikiwa kimelegea, usiache flexi ibebe uzito, halafu kaza kuanzia mbele kurudi nyuma. Tembea, acha ipoe, rudia kukaza.

SELE: Maneno ya gereji hayo. Mimi nimeharibikiwa Igawa usiku. Mwenye mashine ya kuchomelea nimempata. Klempu pana ningeipata wapi? Zilizopo dukani ni zile za duara zenye nati mbili, zinaliminya bomba linabonyea, hutoi tena. Na hizo pana za bei rahisi, boliti inakatika ukiikaza.

KIDAWA: Nunua mbili, weka moja kwenye boksi la sipana.

SELE: Kwenye boksi la sipana utingo ameweka sufuria. Shem, lori langu limetembea miaka na ueledi.

KIDAWA: Na miaka hiyo lilikuwa linaamsha mtaa mzima!

SELE: Lilikuwa linavuja mbele, kwenye gasketi. Kwenye ueledi halijawahi kuvuja. Sema kama naongopa.

KIDAWA: Huongopi. Ila sikubali.

SELE: Na mimi sikubali.

KIDAWA: Sawa. Haya la tatu, ile silikoni nyekundu watu wanayopaka kwenye manifoldi. Kopo lenyewe linasema nyuzi mia tatu na kitu, manifoldi ukipanda na mzigo inapita mia tano...

SELE: Saa ngapi hiyo?

KIDAWA: Ala! Dakika zimeisha. Na karatasi bado ina upana wa bomba, flenji zilizopinda, vining'inizo...

SELE: Wiki ijayo.

KIDAWA: Wiki ijayo tulishaahidi betri. Basi, nyie mlioko njia ya Tunduma, kama kuna duka linauza klempu pana kati ya Makambako na Uyole, tuma ujumbe wa sauti, nimnyamazishe huyu.

SELE: Aseme na bei.