Cheche Nayo ni Sehemu ya Koili

Ndugu zangu, nimelisema hili mara nyingi na leo nalirudia: ukiipima koili ya Tesla, mtambo huu wa kurusha cheche za umeme wa volti kubwa, ikiwa kimya, umepima kitu kingine. Nani hapa amejenga koili ili isitoe cheche?

Tazameni hesabu. Tuseme koili ya pili, ile inayotoa cheche, pamoja na kofia yake ya kileleni ina kapasitansi, yaani uwezo wa kubeba chaji, ya pikofaradi 30, na inavuma kwa kilohezi 200. Cheche ikichipuka, ile njia ya hewa iliyochajika inakuwa kama waya uliofungwa kileleni. Kadirio letu mafundi ni pikofaradi 3.3 hivi kwa kila mita. Cheche ya mita moja na nusu inaongeza 5, jumla 35. Masafa yanashuka hadi kilohezi 185, na koili ya kwanza, ile inayoilisha ya pili, bado inasukuma kwa 200!

Mimi hili lilinigharimu. Niliilinganisha koili ya kwanza na ya pili barabara, kwa jenereta ya mawimbi, nikajivunia. Cheche zikatoka fupi. Nikabadili kapasita, hakuna kitu. Nikasuka upya koili ya pili, usiku kwa usiku, hakuna kitu. Siku moja nikasogeza kiungo cha koili ya kwanza, pale waya wa kuilisha unapoishika, nusu mzunguko kuelekea nje, masafa yake yakashuka, na cheche ikarefuka pale pale. Kosa halikuwa kwenye waya hata kidogo. Nilikuwa nimeipima koili iliyolala.

Najua kuna atakayesema: basi funga waya wa mita moja na nusu kileleni, upime kwa utulivu. Fanya, utapata kapasitansi inayokaribia. Lakini waya wa shaba hauna ukinzani wa cheche, na ukinzani huo ndio unaokula nishati. Tena waya una urefu uleule muda wote, cheche inakua. Kwa hiyo pima koili ikifanya kazi.

Vipi? Weka transfoma ya mkondo, ile pete inayopima mkondo wa waya unaopita ndani yake, chini, pale koili ya pili inapoingia ardhini, upeleke ishara kwenye osiloskopu, kifaa kinachochora wimbi kwenye skrini. Kamwe usiguse kilele na kifaa chochote cha kupimia! Kisha tafuta sehemu ya wimbi baada ya mwanya wa cheche, ule unaowasha na kuzima koili ya kwanza kama swichi, kuzima. Kabla ya hapo koili mbili zinavutana, utaona masafa mawili yamechanganyika, na wengi wanasoma hapo wakajidanganya. Mwanya ukizima, koili ya pili inabaki peke yake na cheche yake. Hesabu mizunguko ya wimbi mpaka kimo chake kishuke hadi asilimia 37, zidisha kwa 3.14: hiyo ndiyo kyu (Q), kipimo cha jinsi koili inavyotunza nishati yake. Bila cheche mara nyingi inapita 100. Pamoja na cheche inaporomoka, nanyi mtaona kwa macho yenu.

Muda umenibana. Habari ya kofia kubwa niseme kwa ufupi tu: pikofaradi 5 juu ya 60 hazisumbui kama 5 juu ya 30. Haya, washeni osiloskopu, tuanze na koili iliyo karibu na mlango.