Kuchagua Nyaya na Konekta za Vifaa vya Elektroniki Vinavyofanya Kazi Ziwani

Ndugu mafundi, wanafunzi na wavuvi mliofika, nawashukuru kwa kuitikia mwaliko huu.

Tangu taa za sola zilipoanza kuchukua nafasi ya karabai katika uvuvi wa dagaa, na vizimba vya sato vilipoanza kuonekana katika ghuba zetu, vifaa vya elektroniki vimekuwa vikikesha majini. Ninalotaka tulielewe jioni hii ni kwamba sehemu kubwa ya maji yanayoviharibu haisukumwi ndani na mawimbi, bali huvutwa na kifaa chenyewe kupitia waya na konekta.

Tuchukue mfano wa kisanduku cha chaji kilichofungwa juu ya mtumbwi pale Mwaloni, Kirumba. Adhuhuri hewa iliyomo inafika nyuzi joto 50, na kiasi chake hupenya taratibu na kutoka nje. Mvua ya ghafla ikinyesha na kukipoza hadi nyuzi 25, shinikizo la hewa iliyobaki ndani hupungua kwa karibu asilimia 8. Hapa Mwanza, tulipo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, shinikizo la hewa ni takriban kilopaskali 88, kwa hiyo upungufu huo ni karibu kilopaskali 7, sawa na kukizamisha kisanduku kwa sentimita 70 za maji. Mvutano huo hutokea wakati ule ule ambapo kila kiungo kimelowa.

Maji hayo hupita wapi? Mara nyingi hupita ndani ya waya. Kati ya nyuzi za shaba na ganda lake kuna nafasi nyembamba, na ikiwa ncha ya mbali imeachwa wazi au imezungushiwa solotepu tu, maji husafiri humo mita kadhaa mpaka kwenye bodi ya kifaa, hata kama glandi ya kisandukuni, yaani kibanio kinachoziba tundu la kupitishia waya, imekazwa barabara. Ukichuna ganda mbali na ncha ukaikuta shaba imekuwa nyeusi, umepata njia yake. Kwa sababu hiyo nasisitiza kwamba ncha zote mbili zizibwe kwa mpira wa kusinyaa kwa joto wenye gundi ndani, shaba iwe imepakwa bati, na kisanduku kiwekewe, upande wa chini, kipumulio chenye utando unaopitisha hewa na kuzuia maji.

Waya wenyewe uwe wa mviringo, kwa kuwa glandi haiwezi kuubana waya bapa pande zote, wala nyaya mbili katika tundu moja. Ganda la PVC linatosha mahali penye kivuli pasipo na msuguano. Waya unaoburuzwa juu ya mbao na nyavu unahitaji ganda la poliurethani, nanyi muulize dukani kama ni la jamii ya polietha, kwa maana lile la jamii ya poliesta huoza likikaa kwenye maji na joto. Rangi nyeusi hustahimili jua kuliko nyingine.

Kuhusu konekta, someni kwa makini alama ya IP, yaani kipimo cha kinga dhidi ya vumbi na maji. IP67 maana yake ni kwamba vumbi haliingii na kifaa kimestahimili kuzamishwa mita 1 kwa dakika 30. Haisemi lolote juu ya maji yanayorushwa kwa nguvu, ambayo hupimwa pale tarakimu ya pili inapokuwa 5 au 6. IP68 inategemea kina na muda uliotajwa na mtengenezaji, hivyo pasipo maelezo hayo msiihesabu. Tena, alama hiyo ni ya konekta iliyounganishwa na kukazwa. Ikiachanishwa bila kofia yake, haina kinga. Unyevu ukishaingia penye umeme wa volti 12, pini chanya ndiyo huliwa kwanza na kuota kutu ya kijani, huku mtikisiko wa injini ukisugua pini zilizopakwa bati hadi zipoteze mguso. Kwa waya za vihisi, ambazo hubeba mkondo mdogo sana, pini zilizopakwa dhahabu zinastahili bei yake.

Silikoni yenye harufu ya siki isitumike karibu na shaba, kwa sababu hutoa asidi inapokauka.

Kabla ya kukipeleka kifaa ziwani, zimeni umeme, wekeni karatasi ya shashi ndani, kiacheni juani kikiwa na nyaya zake zote, kisha kizamisheni katika maji baridi kwa nusu saa, ncha za nyaya zikiwa majini pia. Kifungueni kikiwa kimefutwa kikakauka nje. Karatasi ikiwa imelowa, anzeni kukagua kwenye glandi na ncha za nyaya kabla ya kuulaumu mfuniko.