Kuunganisha kamera ya IP na OpenCV bila picha kuchelewa

Karibuni. Leo kamera ya getini nimeielekeza kwenye saa ya ukutani, makusudi kabisa. Tazama mshale wa sekunde: ukutani umeshafika kwenye 12, kwenye laptop ndiyo kwanza unagusa 10. Sekunde 10 nzima! Mgeni kashagonga, kafunguliwa, kakaribishwa kiti, na programu bado inamwona barabarani. Tutaliondoa hilo, ila kwanza tuunganishe kamera na OpenCV, maktaba ya Python ya kuchakata picha.

Ingia kwenye ruta yako, tafuta kamera kwenye orodha ya vifaa. Yangu ni 192.168.1.64. Kamera nyingi za IP hutoa video kwa RTSP, yaani itifaki ya kurusha video mtandaoni, poti 554. Kinachosumbua ni ule mkia wa anwani, maana kila kampuni ina wake. Kamera nyingi za Hikvision hutumia hivi:

rtsp://jina:nywila@192.168.1.64:554/Streaming/Channels/102

Hiyo 102 ni picha ndogo, ukiweka 101 unapata kubwa. Kwa Dahua mkia ni /cam/realmonitor?channel=1&subtype=1, na ukitaka kubwa weka subtype=0. Mimi huanza na ndogo. Kumtambua mtu getini hakuhitaji picha ya sinema.

Usiguse Python bado. Fungua VLC, ile programu ya kuchezesha video, bonyeza Ctrl+N, bandika anwani. Ikigoma hapo, usihangaike na msimbo, kosa liko kwenye anwani, nywila au kamera yenyewe. Na kama nywila yako ina alama ya @, iandike %40, la sivyo anwani inakatika mahali pasipo pake. Hilo lilinila jioni nzima.

VLC ikionyesha picha, sakinisha kwa pip install opencv-python, kisha andika (anwani ni ile ya rtsp, iweke juu ndani ya alama za nukuu):

import cv2
kamera = cv2.VideoCapture(anwani, cv2.CAP_FFMPEG)
ok, fremu = kamera.read()

Iweke read() ndani ya kitanzi, onyesha kwa cv2.imshow, na usisahau cv2.waitKey(1), bila hiyo dirisha linaganda.

Sasa ule ucheleweshaji. Kamera inatuma fremu, yaani picha moja moja za video, 25 kwa sekunde. Kazi yako ya kutambua watu inamaliza 5 tu. Zile 20 hazipotei, zinapanga foleni, na read() inakupa iliyotangulia foleni, si iliyofika sasa hivi. Ndiyo maana picha inazidi kuzeeka kila dakika, mpaka foleni ijae na video ianze kuchafuka au kukatika.

Dawa ni kutenganisha kazi mbili. Thredi moja, yaani mkondo wa kazi unaokwenda sambamba na programu kuu, isome tu, bila kupumzika, kila fremu mpya ikifuta iliyopita:

def soma():
    global mpya
    while True:
        ok, f = kamera.read()
        if ok:
            mpya = f

threading.Thread(target=soma, daemon=True).start()

Juu kabisa weka import threading na mpya = None. Kitanzi kikuu kinachukua mpya kikiwa tayari. Kikiikuta bado ni None, kisubiri. Fremu zilizopita katikati ziache ziende, hakuna anayezidai.

Haya, tazama saa. Mishale miwili inakaribiana, tofauti haifiki hata sekunde moja.

Bado kitu kimoja. Umeme ukikatika, ok inakuwa False na thredi inazunguka bure. Ongeza else: kamera.release(), time.sleep(3), kisha kamera.open(anwani, cv2.CAP_FFMPEG). Na import time juu. Nachomoa waya wa kamera... picha imeganda. Narudisha. Inawaka taratibu, tuipe muda... hiyo hapo, mshale unatembea.